Jina Chini ya Kofia

Walitutaka tuje tumevaa ngozi. Ndivyo tangazo lilivyosema, na mimi ndiye niliyelisoma kwa sauti mlangoni mwa kanisa, kwa kuwa kati ya wanawake wa misheni ni mimi peke yangu niliyezijua herufi za Kiswahili na za Kidachi, lugha ya Wajerumani. Jumamosi, saa nane mchana, wenyeji wa Arusha wanaalikwa kuitazama Nyumba ya Historia iliyojengwa na Chama cha Historia cha Walowezi wa Wilaya. Waje na mavazi yao ya asili. Wataruhusiwa kuingia kwa saa moja, baada ya mabwana na mabibi kumaliza kutazama.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nyumbani naitwa Nashilu, misheni walinibatiza Lydia, na kazi yangu ilikuwa kuwafulia nguo. Gauni nililokuwa nalo lilikuwa moja, nililishona mwenyewe, nikasema sivai ngozi ili kumfurahisha mtu. Hasira yangu ilianzia hapo kwenye tangazo. Nakwambia mapema kwamba haijaisha hadi leo, kwa hiyo kama unatafuta hadithi ya kukutuliza moyo, tafuta kwingine.

Tulikwenda kwa sababu ya shamba. La sivyo nisingekanyaga.

Shamba letu lilikuwa chini ya Kijenge, pale Mto Themi unapopinda. Nilizaliwa hapo. Mwaka ule Wadachi walipokuja na mizinga na kuwalazimisha watu kujenga boma lao, walimnyonga baba yangu pamoja na wengine kwenye mti mmoja. Nyumba yetu waliichoma. Mwili hatukupewa. Mama alinishika mkono, nikiwa na miaka kumi, tukakimbilia Elerai kwa kaka yake, na kwa miaka kumi na miwili shamba lile likalala. Magugu yakapanda, migomba ikajiotea ovyo, ila kila mtu wa Kijenge alijua ni la nani. Hakuna aliyechunga mbuzi wake hapo bila kuja kwanza kumwomba mama.

Sasa mlowezi mmoja aitwaye Rademann alilitaka apande kahawa. Sheria yao ilikuwa hivi: ardhi yenye mwenyewe haiuzwi, na ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Kaisari wao, naye humpa amtakaye. Wakaunda Tume ya kuzunguka na kuuliza. Jumanne ya wiki hiyohiyo Tume ilifika shambani kwetu. Aliyewapokea ni baba mdogo Lomayani, mdogo wake baba, aliyekuwa mkubwa wa ukoo kwa wakati ule. Aliwaonyesha mafiga matatu yaliyobaki. Aliwaonyesha jaa la majivu na mashina ya migomba. Mkuu wa Tume, Mdachi mrefu aliyejifunza Kiswahili chake Tanga, aliitikia kwa kichwa, akaridhika, akafungua kitabu.

"Mwenyewe wa hapa alikuwa nani?"

"Kaka yangu," alisema Lomayani.

"Jina lake?"

Lomayani akanyamaza.

Lazima nikueleze, maana najua vijana wa siku hizi mtacheka. Kwetu, zamani hizo, mtu akifa jina lake hufukiwa naye. Watu wa nyumba yake hawalitaji tena. Ukilitaja unamwita, naye akiitwa huja, na anayekuja kwa namna hiyo haji kwa heri. Kwa mke ni zaidi. Mke hamtaji mumewe kwa jina hata akiwa hai. Humwita baba wa fulani, basi. Mama yangu aliishi na baba miaka kumi na mitano, akampikia, akamzalia, wakagombana na kupatana, na jina lake halikuwahi kutoka kinywani mwake hata mara moja.

"Jina lake?" Mkuu wa Tume aliuliza tena.

"Baba wa Nashilu," alisema Lomayani.

"Hilo si jina. Kila mwanaume hapa ni baba wa mtu. Nataka jina."

Lomayani akatazama mlima. Karani wa Tume, mtu wa pwani aliyevaa kanzu safi, alicheka puani na kusema kwamba huyu mzee hajui, amekuja tu kujaribu bahati. Mkuu wa Tume akaandika: mwenyewe hajulikani, pori tupu. Aliandika hivyo akiwa amesimama juu ya majivu ya jiko la mama yangu. Jumatatu Tume ingeondoka kwenda Moshi na kitabu chake, na baada ya hapo hakuna ambaye angelifuta neno hilo.

Nilipoambiwa nilimpigia kelele Lomayani, jambo ambalo binti hamfanyii baba yake mdogo. "Neno moja!" nilimwambia. "Neno moja limekushinda, tunapoteza shamba!" Baadaye alimwambia mama kwamba kelele zangu ni za misheni. Huenda. Lakini usiku nililiweka jina lile ulimini mimi mwenyewe, peke yangu, nikitaka kujua kama naweza, na ulimi haukunyanyuka. Mimi niliyebatizwa!

Basi Jumamosi tukaenda, mimi, mama na Lomayani, kwa sababu Mkuu wa Tume ndiye aliyekuwa mgeni wa heshima wa ile Nyumba ya Historia. Nilikuwa na mpango wa kumpigia magoti na kumwomba arudi shambani. Mpango wa kijinga, lakini ndio tuliokuwa nao.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu cha mawe chenye paa la bati, si mbali na boma lao. Wenyeji tulipangwa mstari nje juani hadi wazungu walipomaliza kutazama na kuhamia barazani kunywa kahawa. Kisha wakatufungulia. Nao wakarudi mlangoni na vikombe vyao mkononi, kututazama sisi tukitazama.

Mwanzoni tulicheka, lazima niwe mkweli. Katikati ya chumba walisimamisha sanamu ya mbao ya "Mwarusha". Mkononi alikuwa na mkuki na ngao ya kijana wa vita, kiunoni kafungwa ngozi ya mwanamke, na masikioni ametundikwa surutia, zile pete za shaba za kuzungukazunguka anazovaa mwanamke aliyeolewa. Wanawake wakaanza kusukumana mbavu. Mmoja akauliza mume wa shujaa huyu ni nani, na amelipa ng'ombe wangapi. Mama yangu alicheka akafunika mdomo. Wazungu mlangoni nao wakafurahi kuona tumefurahi. Kibuyu cha maziwa kilitundikwa kichwa chini. Vigoda vya wazee vilipangwa kwenye rafu kama mikate. Kila kitu kilikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa wino mweusi, mwandiko mzuri mno, namba juu na maelezo chini.

Mwandiko ulikuwa wa katibu wa Chama, Bwana Kessler. Wakati ule alikuwa mlowezi mwenye miwani na ng'ombe wa maziwa, lakini watu wazima walimkumbuka alipokuwa sajini. Alikuja mwaka ule wa mizinga.

Kisha kicheko cha mama kikakatika. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa amechuchumaa kwenye kona, mbele ya jiwe la kusagia, lile la chini, pana, lenye bonde katikati. Mkono wake ulikuwa umelala ndani ya lile bonde na kwenda mbele na nyuma, taratibu.

"Yeyo," nilimwita, yaani mama. "Wamesema tusiguse."

"Hili ni langu," alisema kwa Kimaa, lugha yetu. "Tazama pembe hii. Baba yako alilibeba kutoka mtoni nilipokuja kwake kama bibi harusi, likamponyoka, likameguka. Akasema ni heri limemeguka jiwe na si mguu wake."

Niliinama nisome kikaratasi. Kidachi changu kilikuwa cha kufulia na kupigia pasi, lakini maneno yale yalikuwa mepesi. Namba kumi na saba. Jiwe la kusagia nafaka. Kutoka boma la fulani, Mto Themi, chini ya Kijenge. Lilichukuliwa mwezi wa pili, mwaka 1900.

Nimesema "boma la fulani". Kikaratasi hakikusema fulani. Kilisema jina la baba yangu, kamili, herufi zote mahali pake. Jina ambalo sisi, mtoto na mke na ndugu, tulilifukia miaka kumi na miwili, Kessler alikuwa nalo muda wote huo. Wadachi hawakuwa na mwiko wa jina la marehemu. Walikuwa na orodha. Siku ile ya mti, mtu alisimama pembeni na kalamu, na mtu huyo alikuwa Kessler. Na nyumba ilipowaka aliona jiwe zuri, akaamrisha askari walitoe.

Nilitaka kuokota lile jiwe na kumpiga nalo.

Badala yake nikasimama, nikamwendea Mkuu wa Tume pale mlangoni aliposimama na kikombe chake cha kahawa.

"Bwana mkubwa," nilisema, "Jumanne uliandika kwamba shamba la Themi halina mwenyewe. Mwenyewe wake ameandikwa humu ndani. Na aliyeandika ni mzungu."

Mkuu wa Tume alinitazama juu hadi chini, gauni langu na miguu yangu pekupeku, kisha akaja. Nadhani alikuja kwa sababu alichoka na kahawa. Akainama, akasoma. Akasoma tena. Akamwambia karani alete kitabu, akafungua ukurasa wa Jumanne.

"Kessler!" aliita.

Kessler alikuja akifuta miwani. Aliulizwa kama maelezo ya namba kumi na saba ni ya kweli. Ungemwona! Alijivuta juu kama jogoo. Vikaratasi vyake vyote ni vya kweli, alisema. Yeye haandiki jambo asilolijua. Mahali, tarehe na mwenyewe, vyote ameviandika palepale siku ileile. Hakuna chama katika koloni lote chenye kumbukumbu safi kama zake.

Rademann, yule mwenye kutaka kahawa yake, alikuwa ameshasogea. Alisema kwa Kidachi cha haraka, nami nikaambulia nusu: jiwe si shamba, jiwe linaweza kutoka popote. Kessler akakasirika, akasema hili halikutoka popote, limetoka ndani ya nyumba, Mto Themi, kama alivyoandika. Hakuwa anatutetea. Alikuwa anatetea mwandiko wake.

Mkuu wa Tume alijikuna shingo. "Basi kulikuwa na mwenyewe," alisema kwa Kiswahili. "Lakini amekufa. Warithi wake ni nani?"

"Sisi," nilisema. "Mimi ni bintiye. Huyu ni mkewe. Yule ni mdogo wake."

"Jumanne yule hakujua hata jina."

"Alijua, bwana mkubwa. Kwetu halitajwi."

Karani wa pwani akaingilia, akicheka tena kwa pua yake. "Bwana mkubwa, hawa wa misheni wana ujanja mwingi. Huyu msichana anajua kusoma. Ameliona jina kwenye karatasi sasa hivi, amejifanyia baba."

Sijawahi kumchukia mtu kwa haraka namna ile. Lakini Mkuu wa Tume aliona maneno yale yana akili. Alivua kofia yake, ile ngumu nyeupe ya jua, akaiweka juu ya kikaratasi, ikakifunika chote.

"Vizuri," alisema. "Wewe umesoma, kwa hiyo sikutaki. Namtaka huyu asiyejua kusoma. Kama aliyekufa alikuwa mume wake, atalijua jina. Alitaje. Likiwa ndilo lililo chini ya kofia, nitaandika upya. Asipolitaja, shauri limekwisha. Ni neno moja tu."

Neno moja tu. Maneno yaleyale niliyompigia kelele Lomayani. Niliyasikia yakitoka kinywani mwa Mdachi nikaona aibu hadi shingoni.

Mama alikuwa bado amechuchumaa, mkono jiweni. "Anasema nini?"

"Yeyo, anataka jina."

"Jina la nani?"

"La baba."

Alinitazama kama nimemtemea mate. "Si umelisoma wewe? Mpe."

"Mimi hanitaki. Anakutaka wewe. Anasema kama ulikuwa mkewe utalijua."

"Kama nilikuwa," alisema mama. Alilirudia neno hilo mara mbili, chini kwa chini.

Lomayani alisogea. Uso wake ulikuwa umekauka. "Mke wa kaka, usiseme. Acha shamba liende. Tutaishi Elerai kama tulivyoishi."

"Liende wapi?" Mama alisimama. Magoti yake yalilia. "Wewe Jumanne ulinyamaza, shamba likaandikwa pori. Leo umekuja kunifundisha na mimi kunyamaza?"

"Utamwita."

"Wamekuwa nalo ukutani. Unadhani hawajamwita?"

Mkuu wa Tume alitoa saa mfukoni. Wanawake wa Kijenge waliokuja kucheka walikuwa wameshaelewa kinachoulizwa, na baadhi walianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, viganja masikioni. Wazungu waliwapisha. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Mama alilitaja. Mara ya kwanza alilitaja kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja uji wa moto, na nusu yake ikapotea.

"Sikusikia," alisema karani. "Rudia."

Nilifasiri. Nisamehewe, nilifasiri. Nilimwambia mama yangu, rudia.

Akarudia, kwa sauti ya kawaida, ile ambayo mke mwingine yeyote duniani angemwitia mumewe aje kula. Mpaka leo ndiyo ninayoisikia. Nilijua wakati huohuo kwamba hivyo ndivyo angekuwa akimwita miaka yote ile, kama angeruhusiwa.

"Polepole," alisema karani, akilowesha kalamu. "Mara moja tena, niandike vizuri."

Mara ya tatu mama alipiga kelele. Alimpigia karani usoni, akamgeukia Mkuu wa Tume akampigia naye, akamgeukia Kessler na miwani yake akalitupa jina lile juu yake kwa nguvu hadi akarudi hatua. Mabibi wa kizungu waliweka vikombe chini. Lomayani alikuwa ameshatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona ameketi chini juani, kichwa kati ya magoti.

Mkuu wa Tume aliinua kofia yake. Alilinganisha kitabu na kikaratasi, kidole hapa, kidole pale.

"Sawasawa," alisema.

Akalikata neno pori kwa mstari mmoja na kuandika juu yake. Shamba linabaki kwa warithi, alisema, lisiuzwe. Rademann alitoka akitukana. Mkuu wa Tume alivaa kofia, akarudi kwenye kahawa yake, na nina hakika kabla haijapoa alikuwa ameshatusahau.

"Yeyo, tumelipata," nilimwambia. "Shamba ni letu."

Hakunisikia, au hakujali. Aliinyoosha mikono yake miwili, akakibandua kile kikaratasi kutoka kwenye ubao kwa makini, kucha kwa kucha, kisichanike.

"Hapana!" alisema Kessler. "Hicho ni mali ya Chama. Namba kumi na saba!"

"Mwambie," alisema mama, "jiwe akae nalo. Mimi jiwe naweza kutafuta lingine. Ila humu kuna mtu, na mtu huyu naondoka naye."

Nilimwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili mbele ya wenzake wote, na niliongeza langu: kwamba alipomtoa baba nyumbani hakumrudisha, basi leo amrudishe. Nilitegemea kofi. Laiti angenipiga. Kessler alicheka tu, kicheko chema kabisa, kama mtu anayempa mtoto kitu kisicho na faida.

"Chukua, mama," alisema. "Nitaandika kingine. Mimi ninayo orodha."

Sikulifasiri hilo. Mama alikunja kikaratasi, akakifunga kwenye pembe ya ngozi yake, tukatoka.

Tulipita Themi. Lomayani alitufuata kwa mbali. Katikati ya mafiga matatu ya jiko letu la zamani, mama alichimba kwa mikono mpaka kwenye kiwiko. Akakilaza kikaratasi upande wake wa kulia, jinsi tunavyowalaza watu. Akang'oa majani mabichi, akaweka juu yake, akafukia. Lomayani alikuja kusaidia mwishoni, akaleta na jiwe la mtoni la kuweka juu. Kesho yake alichinja kondoo dume, akatupaka mafuta sisi wote ili kinywa cha mama kisafike.

"Sasa amefukiwa," mama alisema. "Usimtaje tena."

Tulihamia shambani mvua za mwaka huo. Tulipanda migomba, maharage, na kwa kumkomoa Rademann, miche arobaini ya kahawa. Mama alipata jiwe jingine la kusagia, akasema si zuri lakini linasaga. Nilianza kuamini kwamba yamepita.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja, nilitumwa na misheni kupeleka nguo zilizofuliwa kwa bibi mmoja karibu na boma. Nilipita mbele ya Nyumba ya Historia. Madirisha yalikuwa wazi. Ndani walikuwa wanafunzi wa shule ya serikali, thelathini hivi, na mwalimu wao alikuwa akiwafundisha kusoma kwa kutumia vikaratasi vya Kessler. Alinyoosha fimbo kwenye kimoja, nao wakasoma kwa pamoja, kwa sauti za kuimba, kama wanavyosoma watoto. Kigoda cha mzee. Kibuyu cha maziwa. Fimbo ikahamia kona ile. Jiwe la kusagia nafaka. Kutoka boma la.

Wakalitaja. Vinywa thelathini. Mwalimu hakuridhika na mwitikio, akawaambia warudie.

Niliweka kapu la nguo chini, katikati ya vumbi, nikaingia. Nilipita kati ya watoto, nikakibandua kikaratasi, nikatoka nacho. Mwalimu aliduwaa. Jioni ile nilikizika kando ya kile cha kwanza, peke yangu, na mama sikumwambia.

Wiki mbili baadaye kilikuwapo kingine. Nikakichukua. Kessler akakigandisha kwa gundi; nikaja na maji ya moto ya kufulia kwenye kibuyu. Akakipigilia misumari; nikaja na kisu. Kessler alijua ni mimi. Alikuwa akinitazama kutoka mezani kwake, na nikishatoka nilikuwa nasikia kalamu. Alikuwa na subira mbaya, yule mtu, subira ya anayejua ana wino wa kutosha. Safari moja aliniitia askari, nikalala boma siku tatu, sakafuni, pamoja na wanawake waliofungwa kwa kuwakimbia mabwana wao. Nilipotoka nilipitia kwanza kwenye Nyumba ya Historia, kisha ndipo nikaenda nyumbani kuoga.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, yeye na mimi, mpaka vita vya Wazungu vilipotufikia. Kufikia siku ile Wadachi walipofunga mizigo na kuondoka, nilikuwa nimemzika baba yangu mara kumi na tisa. Makaburi yale madogo yamezunguka mafiga yote, na mama alikwisha kujua zamani, maana ni nani asiyejua udongo uliochimbuliwa jikoni mwake? Hakuwahi kuniuliza. Kila nilipochimba jipya, kesho yake asubuhi nilikuta majani mabichi juu yake.

Siku moja baada ya wao kuondoka nilikwenda na Lomayani, tukaukuta mlango umevunjwa. Watu walikuwa wamechukua mikuki, ngao, hata surutia za yule shujaa wa mbao. Jiwe lilikuwapo, zito mno kwa wezi. Kikaratasi kilikuwapo. Tulilibeba jiwe kwa zamu, mzee yule na mimi, hadi Themi, likaniponyoka mara moja, likanikosa mguu. Mama alilisagia ulezi mpaka mwisho wa maisha yake, na sasa nalisagia mimi.

Kikaratasi kile nilikizika, cha ishirini. Lakini meza ya Kessler niliipekua droo zote, nikakuta gundi, misumari, chupa tatu za wino, na orodha sikuiona. Aliondoka nayo. Umesoma maneno yangu yote haya na jina la baba yangu hujalikuta, wala hutalikuta. Liko Ulaya, ndani ya kasha la mtu, kwa mwandiko mzuri, wazi kwa yeyote apitaye na kufungua.